Bibi anauliza deni lake kwa wakili, na mimi najua limeshalipwa

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni mhasibu katika asasi ndogo ya msaada wa kisheria hapa Masasi. Tuko watu watano ofisini, pamoja na wasaidizi wa kisheria wa vijijini ambao hawana mshahara, wanapewa nauli na chakula siku za mafunzo basi. Fedha zetu zinatoka kwa mfadhili wa nje kupitia ofisi yake ya Dar es Salaam. Mgogoro ukiwa mwepesi tunausuluhisha wenyewe. Ukifika Baraza la Ardhi na Nyumba au mahakamani, tunaupeleka kwa kampuni moja ya mawakili iliyoko Mtwara mjini, na mradi unailipa kampuni hiyo. Makubaliano ni shilingi 150,000 kwa kila siku wakili anaposimama kwenye shauri, nauli yake ikiwa humo humo.

Mwezi uliopita alikuja ofisini bibi mmoja kutoka vijiji vya upande wa Lulindi. Ni mjane. Mumewe alipofariki, wapwa wa marehemu walikuja na maneno kwamba shamba la mikorosho ni la mjomba wao, hivyo bibi afungashe arudi kwao. Kesi yake tuliipokea mwaka jana. Alikuja na mfuko wa korosho alizobangua mwenyewe, akauweka mezani kwangu, akakaa. Nikadhani amekuja kushukuru. Akasema: "Mwanangu, naomba uniangalizie kwenye hayo makaratasi yako, deni langu kwa wakili limebaki kiasi gani? Nataka nijipange kabla mnada wa korosho haujaanza."

Nikamuuliza deni gani. Akafungua pindo la khanga, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimechanwa kwenye daftari la shule. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Gharama za kesi 500,000. Amelipa 350,000. Bado 150,000." Hakina jina la kampuni, hakina muhuri, hakina tarehe wala sahihi. Hela alitoa kwa awamu mbili. Ya kwanza mkononi, ya pili alituma kwa simu kwenye namba ya karani wa wakili. Nilipouliza alizipata wapi alicheka kidogo, akasema alichukua hela ya kangomba mwezi wa nane. Wewe kangomba unaijua, Mjomba. Mtu anakupa fedha mikorosho ikiwa bado na maua, kisha msimu ukifika anakuja kuzoa korosho zako kwa bei aliyoipanga yeye.

Kesi ya bibi yule nimeilipa mimi. Yaani mkono wangu ndio ulioandaa vocha. Mahudhurio sita, jumla shilingi 900,000. Nikakata kodi ya zuio asilimia 5 kwa ajili ya TRA, iliyobaki ikaingia kwenye akaunti ya kampuni. Nilipomsomea zile tarehe sita alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema wakili yeye amemwona mara mbili. Siku nyingine anakuja kijana mmoja anasimama, anaomba tarehe, anaondoka. Siku moja hakuja mtu kabisa, bibi akarudi kijijini na bodaboda ya 10,000.

Nikaenda kwa mkurugenzi. Akaniambia mambo ya wakili na mteja wake hayatuhusu, na kwamba tukianza kuchokonoa, kampuni itajitoa, na mawakili wa kukubali hela ya mradi huku kwetu ni wa kuhesabu kwa vidole. Wiki mbili zijazo wanakuja wakaguzi wa mfadhili. Mkurugenzi amesema wakiomba mafaili tuwaambie ni siri ya mteja, sheria hairuhusu. Nikamuuliza, na ankara je? Akasema ankara zina majina ya wateja, kwa hiyo ni siri ileile.

Mjomba, nikisema, mradi unaweza kufungwa na wanawake 41 wenye kesi zinazoendelea wakaachwa njiani. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja na nina watoto wawili. Nikinyamaza, bibi atatafuta 150,000 nyingine ambayo sijui ni ya nini. Siku ile nilimjibu "nitaangalia". Hilo ndilo jibu nililompa, na korosho zake nikala.

Uwazi kati ya mfadhili na kampuni ya mawakili unaishia wapi, na siri ya mteja inaanzia wapi? Na nianze na nani?

Mhasibu, Masasi
(Jina tunalo)

*

Marahaba mpwa wangu. Korosho umeshazila, hilo limepita. Tuzungumze deni.

Nikiri kwanza kitu kimoja. Kwetu Kusini ugomvi wa mirathi ukizuka mjomba ndiye anayeitwa kuusuluhisha, na mara nyingi mjomba mwingine, yule aliye kaburini, ndiye chanzo cha ugomvi wenyewe. Nilikaa masijala ya mahakama Lindi miaka mingi kabla sijastaafu, na kesi ya wapwa dhidi ya mjane naijua tangu hati ya madai mpaka kilio cha koridoni. Bibi wa namna hiyo akija kuuliza deni, hajaja kulalamika. Amekuja kama mtu aliyekopa sukari dukani, anaogopa jina lake lisije likatajwa mbele za watu. Ndiyo maana miezi yote hiyo hamkusikia malalamiko. Anaamini kweli anadaiwa.

Umeuliza uanze na nani. Anza na yeye. Usimwambie ameibiwa, kwa sababu hilo hujalijua. Mwambie mawili unayoyajua: kwamba mradi umelipia kesi yake kiasi fulani kwa tarehe fulani, na kwamba asitoe hata shilingi nyingine mpaka apewe maandishi yanayosema inalipia nini. Kipige picha kile kikaratasi, kisha mrudishie akitunze mwenyewe. Kisibaki ofisini kwenu, maana ofisi nyingine zina panya wa miguu miwili. Ule ujumbe wa muamala kwenye simu yake asiufute.

Inawezekana ile 350,000 ina maelezo. Baraza likiamua kwenda kulitazama shamba lenyewe, safari ile kwa kawaida hugharimiwa na wadaawa, yaani wenye kesi, na mashahidi wa kutoka kijijini nao wanahitaji nauli na sahani ya wali. Nimewaona mawakili waliolipa hayo mfukoni mwao na wala wasiseme. Lakini gharama ya kweli huwa na jina. Ingeandikwa "usafiri wa baraza kwenda shambani", ikawa na tarehe, ikatolewa risiti ya EFD yenye jina la kampuni. "Gharama za kesi" kwenye karatasi ya daftari la mtoto haina jina, na hela ya wakili kupita kwenye simu ya karani ni jambo ambalo wakili yeyote anajua halikubaliki. Fedha za mteja zina akaunti yake.

Sasa hiyo siri, maana hapo ndipo mkurugenzi wako amejificha.

Siri ya mteja ipo, na ni kubwa. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa nje kile alichoambiwa na mteja wake pasipo ridhaa ya mteja. Bibi akimweleza wakili kwamba mumewe alikuwa na mtoto nje, au kwamba zile mikorosho kumi za kule bondeni kweli zilipandwa na mjomba, hayo hayaulizwi na mkaguzi, hayaulizwi na mfadhili, hata angekuwa ametoa mamilioni. Mfadhili akitaka kuyajua amevuka mpaka. Lakini angalia siri ile ni ya nani. Ni ya bibi. Wakili ameshikishwa tu, kama mwenye ghala anavyoshikishwa korosho: anazilinda, anazitolea stakabadhi, lakini hawezi kusimama mlangoni akamzuia mwenye korosho asiingie kuzitazama. Hapa kwenu siri ya bibi inatumika kumficha bibi mambo yake mwenyewe. Kwa miaka yangu yote masijala sijaona matumizi mabaya ya neno hilo kushinda haya.

Ankara si siri ya namna hiyo. Tarehe ya shauri si siri, baraza linakaa milango wazi na hata muuza karanga anaweza kuingia akasikiliza. Zipo kesi ambazo jina lenyewe linahitaji kufichwa, za watoto, za ubakaji, za mama aliyemkimbia mume anayempiga. Hizo dawa yake ni ndogo: mpe mkaguzi ankara yenye namba ya faili, jina ulifunike kwa karatasi wakati wa kutoa kopi. Dakika mbili. Kwa kazi hiyo ya dakika mbili mkurugenzi anataka mfunge kabati zima.

Na kuna kitu karani yeyote mstaafu angekwambia kabla hata hujamaliza kuuliza. Kila shauri linapoitwa, kinachoandikwa kwanza kwenye mwenendo ni akidi, yaani nani yupo na nani hayupo. Mwenyekiti fulani. Mdai yupo. Mdaiwa yupo. Wakili wa mdai yupo, au hayupo, au fulani kwa niaba yake. Tarehe juu, amri chini: "Shauri limeahirishwa hadi…" Nimeandika mistari hiyo mpaka kidole kikaota sugu. Bibi akiwa mdaawa ana haki ya kuomba nakala ya mwenendo wa shauri lake. Mwandikieni barua, aweke dole gumba au sahihi, alipe ada ya nakala (hiyo mradi uilipe, tafadhali). Karatasi hizo ukiziweka pembeni ya zile ankara sita, hutahitaji kumshuku mtu wala kumtetea mtu. Yule kijana wa kuomba tarehe, kama ni wakili aliyeandikishwa, kumshikia mwenzake shauri ni jambo la kila siku mahakamani na siku ile ni halali kulipwa. Jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, hauhitaji ruhusa ya mtu. Kama ni karani wa ofisi tu, siku ile haikuwa na wakili na haikuwa na 150,000. Ile siku ambayo hakuja mtu, na ankara ikaja, hiyo haina mjadala.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana kuna jambo kwenye barua yako umelipita haraka.

Shilingi 150,000, nauli ndani. Ukikata zuio inabaki 142,500. Kutoka Mtwara mpaka Masasi ni kilomita kama 200, kwenda na kurudi 400. Gari la kawaida linakunywa lita 40 hivi. Piga hesabu kwa bei ya pampu iliyo karibu nawe uone wakili anabakiwa na nini, kabla hajanywa chai Ndanda na kabla hajamlipa karani wake. Akija kwa kesi moja anarudi na hela ya nyanya. Akija kwa kesi tano siku moja, anapokea nauli tano kwa safari moja. Kwa hiyo bei mliyoiandika ni ndogo mno au ni kubwa mno, kutegemea siku, na sidhani kama kuna siku ilikuwa sawa. Mfadhili anajua. Kampuni inajua. Mkurugenzi wako anajua, ndiyo maana anaogopa itajitoa. Wote wamekubaliana kwa kunyamaza kwamba bei ile ni ya kwenye karatasi, na tofauti itapatikana "huko huko". Huko huko ndiko kwa bibi, kwenye kangomba.

Hiyo ndiyo shida yenyewe, kuliko hata huyo karani na simu yake. Bei ya kweli isiposemwa mbele ya wote watatu, inayobaki hubebwa na asiyekuwepo mezani. Na mkiongeza kwamba mnalipa kwa hudhurio, mmejenga jambo la pili bila kukusudia, kwamba kila shauri likiahirishwa ankara inazaliwa. Sisemi wakili wenu anaahirisha makusudi. Nasema mkataba wenu haumpi sababu ya kuchukia kuahirisha. Ningekuwa mimi ningelipa kwa hatua (hati kuwasilishwa, ushahidi kusikilizwa, hukumu), na usafiri ningeulipa peke yake kwa gharama halisi, safari moja nauli moja.

Mkulima wa huku hahitaji kufundishwa uwazi. Tangu mfumo wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007 watu wamezoea mnada: zabuni za wanunuzi zinafunguliwa, bei ya juu na ya chini inasomwa, wakulima wanaikubali au wanaikataa kwa kelele. Siku hizi zinapita kwenye mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, lakini kelele ziko palepale. Makato yanajulikana kwa kilo, hii ya chama cha msingi, hii ya chama kikuu, hii ya ghala. Mkulima wa chama kikuu cha TANECU, cha MAMCU au cha RUNALI atakutajia makato yake kama anavyotaja majina ya watoto, na viongozi wa AMCOS, hivyo vyama vya msingi, wameshatimuliwa mkutanoni kwa shilingi tano isiyoeleweka. Mtu huyohuyo akiingia kwenye ofisi yenu, kwa sababu ameambiwa ni bure, anaondolewa akili yake yote ya mnada. Hajui kesi yake inauzwa bei gani, nani ananunua, makato ni yapi. Neno "bure" limemziba mdomo.

Kwa wenzetu walioanza zamani hawakuliacha neno hilo hivihivi. Uingereza serikali ndiyo inayowalipa mawakili, kupitia Legal Aid Agency tangu 2013, nayo huingia mikataba na kampuni za mawakili na kukagua mafaili yao. Na mteja huambiwa mapema kwamba akishinda fedha au mali, huenda akatakiwa kurudisha kilichotumika kwenye kesi yake. Sheria kali kidogo, wengine wanailalamikia. Lakini tazama inavyofanya: mteja analazimika kuijua bei, kwa hiyo anakuwa na sababu ya kuuliza kwa nini siku ile wakili hakuja.

Turudi Masasi. Mkurugenzi amekwambia mdomoni, wewe mjibu kwa karatasi. Andika dokezo kwenye faili, maneno yasiyozidi nusu ukurasa: kwamba ili kujiandaa na ukaguzi, kuanzia ankara ijayo vocha haitaandaliwa bila nakala ya akidi ya siku husika, risiti ya EFD, na tamko la kampuni kwamba haijapokea malipo mengine kwa shauri hilo kutoka kwa mteja wala kwa mfadhili mwingine. Hilo la mfadhili mwingine usilisahau, maana hudhurio moja likiuzwa kwa miradi miwili hakuna atakayegundua kama kila mradi umefunga kabati lake. Hujamtuhumu mtu. Umefanya kazi ya mhasibu. Mkurugenzi akikataa, aandike kukataa kwake kwenye dokezo hilohilo, kwa wino. Umesomea mambo haya na najua umechoka kusikia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, ila kumbuka daftari hili lina jina lako. Vocha sita, sahihi yako sita. Nalisema kwa sauti ya chini kwa sababu najua hukujua, lakini kuanzia siku bibi alipokunjua kile kikaratasi, umejua.

Dokezo likikwama kwake, bodi ya asasi ina mweka hazina. Wakaguzi wakija, usiwafuate chemba na minong'ono. Wakikuuliza, jibu ulichokiona, waonyeshe karatasi. Usome pia mkataba wenu na mfadhili, sehemu ya kuripoti matumizi mabaya. Mingi ina kipengele hicho na inataja ofisi ya kuandikia. Huo hautakuwa usaliti. Mkataba wenyewe si wa kufungia sandukuni, maana kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinataka ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 utangazwe, na mkataba wake upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10.

Milango mingine ipo, nikutajie upesi. Asasi zinazotoa msaada wa kisheria ziko chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, yenye Msajili Wizara ya Katiba na Sheria na wasajili wasaidizi mikoani na wilayani. Mwenendo wa wakili unashughulikiwa na Kamati ya Mawakili, na mlalamikaji pale awe bibi mwenyewe, nyinyi mumsaidie kuandika. TAKUKURU wana sheria yao ya 2007, ambayo inagusa hata nyaraka za kumpotosha mwajiri kwenye sekta binafsi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ila nisikudanganye, kulindwa kwenye karatasi na kulindwa ofisini ni vitu viwili, kwa hiyo kopi zako ziwe mahali ambapo mkurugenzi hana ufunguo. Ukifukuzwa kwa hili, CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanataka malalamiko ndani ya siku 30. Usikae kijijini ukijiuguza mpaka zikapita.

Umeuliza kuhusu wale wanawake 41. Inawezekana mradi ukasimama, sitakuahidi vinginevyo. Wafadhili wengine wakisikia harufu hukata fedha kwanza na kuuliza baadaye, kisha huenda kuandika ripoti nzuri kuhusu somo walilojifunza. Mfadhili wenu naye ana lake, nimeshakwambia bei ile ameijua muda wote, na nadhani akija huwa anapiga picha na akina mama chini ya mwembe kuliko anavyosoma ankara. Mwombeni mapema, kwa barua, aeleze kesi zinazoendelea zitabebwaje endapo kampuni itabadilishwa. Mteja anaweza kubadili wakili wakati wowote, na nyaraka alizompa ni zake. Lakini mpwa wangu, kama kila mmoja wa hao 41 ana kikaratasi kwenye pindo la khanga, hapo unaulinda mradi au unaulinda mrija?

Waulize. Ndiyo kazi ya wasaidizi wenu wa vijijini wiki hii. Swali moja tu: "Kuna hela yoyote umetoa kwa ajili ya kesi?" Waandike majibu, wasitoe maoni.

Halafu mtengeneze karatasi moja ya kumpa kila mteja siku anapopokelewa. Iwe Kiswahili, tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, hakuna wa kusema istilahi zinamshinda. Isomwe kwa sauti mbele yake, maana wengi wa rika la bibi hawasomi, na mtu anayemwamini naye awepo asikilize. Mimi ningeiandika hivi:

"Kesi yako inalipiwa na mradi. Mradi unamlipa wakili shilingi kadhaa kwa hatua kadhaa, orodha iko nyuma. Wewe hulipi ada ya wakili. Kukitokea gharama nyingine, utaambiwa na ofisi hii kwa maandishi kabla, na utapewa risiti. Mtu yeyote akikuomba hela bila hayo, usitoe, piga namba hii. Uliyomwambia wakili wako ni siri yako, mfadhili haoni. Kila baada ya miezi mitatu tutakusomea malipo yaliyofanyika kwa jina lako, nawe utasema kama siku hizo wakili alikuwepo."

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda. Mkaguzi wa Dar es Salaam anakuja mara moja kwa mwaka na kompyuta. Bibi alikuwepo barazani siku zote sita, amekaa kwenye benchi, anajua nani alikuja na nani hakuja.

Bei ya mafuta nayo wapelekeeni mezani mfadhili na kampuni, mkae nao wote wawili siku moja, mseme kwa sauti kwamba 150,000 haifiki Masasi. Kampuni ya kweli itashukuru. Isiyo ya kweli itasema ni siri.

Lakini hayo yote ni ya wiki zijazo. Jumatatu asubuhi, kabla hujawasha kompyuta, mpigie bibi. Mnada wa kwanza unakaribia na wanunuzi wa kangomba wameshaanza kuzunguka na pikipiki. Mwambie 150,000 ile asiitafute. Mwambie pia ile "nitaangalia" yako umeshaiangalia, na unakwenda kwake Jumamosi na makaratasi.